Mtenda Aliyetoweka: Kitenzi na Lawama katika Mjadala wa Ukatili wa Kingono Mtandaoni

Tahakiki hii inadai kwamba lawama dhidi ya mwathirika wa ukatili wa kingono mtandaoni huanzia katika uteuzi wa vitenzi. Mwezi Agosti 2024, video ya wanaume wakimbaka binti ilisambazwa mitandaoni. Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Dodoma alinukuliwa akisema kuwa binti huyo alionekana kama anajiuza. Baadaye aliondolewa katika nafasi hiyo.

Kimofolojia, kirejeshi -ji- humfanya mtenda na mtendwa kuwa mtu mmoja. Wabakaji wanatoweka katika sentensi. Aliyetendewa anabaki kuwa mtenda pekee. Kitenzi “kuvuja” nacho hufanya kazi iyo hiyo: video “imevuja” kama maji, bila mkono uliorekodi wala uliotuma. “Imesambazwa” humruhusu msomaji kuuliza: na nani?

Huenda ikapingwa kuwa sarufi ya Kiswahili haibagui jinsi. Ni kweli, ubaguzi umo katika matumizi. “Kujiuza” husemwa zaidi juu ya mwanamke, ilhali mnunuzi hatajwi. Tena, hata madai hayo yangethibitika, ubakaji ungebaki kuwa ubakaji.

Tarehe 30 Septemba 2024, mahakama jijini Dodoma iliwahukumu washtakiwa wanne kifungo cha maisha. Hukumu ilimrejesha mtenda mahali pake. Hata hivyo, kwa mkazi wa Dumila, kwenye barabara ya Morogoro–Dodoma, tukio hufika kwanza kupitia simu, na kitenzi alichokichagua msimulizi ndicho hukumu ya kwanza.