Kuba Tumeliiga, Ua Tumeuacha

Ndugu msomaji, mwenye kutaka kuujua uzuri wa jengo asitazame juu tu. Ainamishe macho atazame mvua inapopita. Kwa kipimo hiki natuuangalie Msikiti Mkuu wa Kairouan, nchini Tunisia, ulioasisiwa na Uqba bin Nafi mwaka 50 Hijria (670), na kujengwa upya mwaka 836 katika zama za watawala wa Kiaghlabi.

Wengi huusifu kwa mnara na nguzo zake, na ni haki yao. Mimi nausifu kwa ua wake. Mji ule uko katika nchi kavu, na mvua yake ni chache. Kwa hiyo waashi waliuinamisha ua uelekee katikati, penye bakuli la marumaru lililochongwa madaraja na matao madogo. Maji hayaachiwi kukimbilia shimoni. Husimama kwanza bakulini, vumbi na mchanga vikatua, ndipo yaingiapo katika hodhi lililo chini ya ua. Juu yake vipo vinywa vya visima, kingo zake zimelika kwa kamba za wavuta maji. Pambo lile lina kazi; ukiliondoa, maji huingia na uchafu wake. Huo ndio ufundi.

Sasa tuje kwetu. Upo msikiti mmoja mjini petu, sitautaja jina. Una kuba la kijani na mnara uonekanao kutoka mbali. Ua wote umesakafiwa kwa saruji, wala maji hayana pa kwenda. Masika yakija, waumini huuvuka ua viatu mkononi. Kiangazi kikija, twanunua maji ya mkokoteni tupate kutawadha! Ni msikiti ule ule, na mwaka ule ule.

Kosa hili si la umasikini, maana mlizamu na tangi havigharimu kama kuba. Kosa ni kuiga kinachoonekana na kuacha kinachofanya kazi. Qur'ani imeitaja mvua kuwa ni maji yenye baraka, nasi twaisukuma barabarani kama taka. Je, hii si israfu?

Basi kamati ya ujenzi ikikuleteeni ramani, kabla hamjauliza urefu wa mnara, ulizeni: mvua ikinyesha, maji yatakwenda wapi? Asiye na jibu, na arudi akachore upya.

Wallahu a'alam.