Kicheko na Kilio Katika Sauti Moja: Sanaa ya Om Puri

Wapenzi wa ushairi wa mwambao tuna ada moja ya tangu zamani. Anayetutoa machozi tunamwita msanii. Anayetuchekesha tunamwita mchekeshaji. Na baina ya majina hayo mawili tumejenga ngazi, wa kwanza juu na wa pili chini. Ada hiyo imeingia hata katika namna tunavyowasoma malenga wetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa hutajwa kwanza kwa tungo zake za vita na siasa, kisha, kana kwamba ni nyongeza tu, tukakumbushwa kuwa alikuwa na mizaha pia. Naona ada hii inatudhulumu, na katika makala haya nataka kuipinga kwa mfano wa mtu asiyekuwa mshairi wala mzaliwa wa pwani hii: mwigizaji Om Puri wa India, aliyefariki dunia mjini Mumbai tarehe 6 Januari 2017.

Hoja yangu ni fupi. Om Puri hakuwa na sanaa mbili, moja ya tanzia na nyingine ya futuhi. Alikuwa na sanaa moja, na mwenye kuitazama kwa makini ataona kuwa kicheko chake na kilio chake vilitoka kisima kimoja.

Sisi wa visiwani tumezijua filamu za Kihindi tangu enzi za kumbi za Majestic na Cine Afrique mjini Unguja, na tumezoea steringi mwenye sura ya kuvutia, anayeimba bustanini na kuwashinda maadui kumi kwa ngumi mbili. Om Puri hakuumbwa kwa kazi hiyo. Uso wake ulikuwa na makovu ya ndui, pua pana, na macho yaliyoonekana kama yamekosa usingizi. Alizaliwa Ambala, kaskazini mwa India, mwaka 1950, akakulia katika ufukara, na utotoni alifanya kazi kwenye mkahawa wa chai. Alisomea uigizaji katika Chuo cha Taifa cha Drama mjini Delhi, ambako alikuwa pamoja na Naseeruddin Shah, kisha akaenda katika chuo cha filamu cha Pune. Alipoingia katika sinema, lilikuwapo kundi la waongozaji waliotaka kuonyesha wakulima, vibarua na askari wa ngazi za chini kama walivyo. Kwa waongozaji hao, uso ule ulikuwa hazina.

Tuanze na Aakrosh, filamu ya mwaka 1980 iliyoongozwa na Govind Nihalani kwa mswada wa Vijay Tendulkar. Om Puri ni Lahanya, mtu wa kabila la msituni, anayeshtakiwa kwa kumuua mkewe. Wakili wake anamsihi aseme lililotokea, naye hasemi. Karibu filamu nzima inapita na mshitakiwa amenyamaza. Mwigizaji wa kawaida angeujaza ukimya huo kwa ishara: angekunja uso, angetetemesha midomo, ili tujue kuwa ana uchungu. Om Puri hafanyi hivyo. Anatazama tu, na sisi tunalazimika kumsoma kama tunavyosoma ubeti wenye maneno machache. Mwishoni, katika mazishi ya baba yake, akiwa na minyororo, anashika shoka na kumuua dada yake mwenyewe, ili asije akafikwa na yaliyomfika mkewe mikononi mwa wakubwa wa mahali pale. Ndipo sauti inapomtoka. Ni ukelele usio na neno ndani yake, na ndio ushahidi pekee anaoutoa.

Mwaka uliofuata, 1981, Satyajit Ray alimpa nafasi ya Dukhi katika Sadgati, filamu fupi iliyotokana na hadithi ya Premchand. Dukhi ni mtu wa tabaka linalohesabiwa kuwa najisi. Anamwendea Brahmin amtazamie siku njema ya posa ya binti yake, naye Brahmin anamtuma kazi moja baada ya nyingine, ya mwisho ikiwa kupasua gogo lisilopasuka. Dukhi, aliyekuwa mgonjwa na mwenye njaa, anafia palepale. Maiti inabaki njiani kwa kuwa hakuna mwenye kutaka kuigusa, mpaka Brahmin anapoifunga kamba mguuni na kuiburuta hadi jaani, mahali pa mizoga ya wanyama.

Naomba msomaji aikumbuke kamba hiyo. Miaka miwili baadaye, mwaka 1983, Om Puri yumo katika Jaane Bhi Do Yaaro ya Kundan Shah, filamu ya vichekesho kuhusu wapiga picha wawili wanaogundua mauaji na ufisadi wa wajenzi wa majumba mjini Bombay. Yeye ni Ahuja, mmoja wa wajenzi hao, tajiri na mlevi. Usiku mmoja analikuta njiani jeneza lenye maiti ya ofisa aliyeuawa. Kwa ulevi wake anadhani jeneza ni gari lililoharibika, na maiti ni dereva wake. Anamsemesha kwa adabu, hajibiwi. Anashangaa, anamkaripia, anamwonea huruma, mwishowe analifunga jeneza kwenye gari lake na kulivuta.

Hapa pana maiti na hapa pana maiti. Hapa pana kuvutwa na hapa pana kuvutwa. Katika filamu ya kwanza Om Puri ndiye anayeburutwa, na koo linatukauka. Katika ya pili ndiye mvutaji, nasi tunashika mbavu. Lakini tazama anavyomwigiza Ahuja. Hajilegezi kupita kiasi, hatupigii ukope, hatuambii kuwa naye pia anajua kuwa jambo hili ni la kuchekesha. Ahuja wake ni mtu anayetaka kwa dhati kumsaidia dereva mwenzake aliyekwama. Dhati ileile iliyomfanya Dukhi aendelee kulipiga gogo lisilopasuka ndiyo inayomfanya Ahuja aendelee kuzungumza na mtu asiyejibu. Mmoja anazuiwa na dhulma, mwengine anazuiwa na chupa. Wote wawili wanautwanga ukuta kwa kichwa wakiamini kuwa ni mlango. Mwigizaji hakubadilisha kitu ndani yake. Kilichobadilika ni mahali alipowekwa.

Mwaka huohuo wa 1983 ndipo ilipotoka Ardh Satya, ya Govind Nihalani pia, ambayo wapenzi wa ushairi wana sababu ya pekee ya kuijua. Jina lake, lenye maana ya nusu ya ukweli, ni la shairi la Dilip Chitre, mshairi wa Kimarathi. Om Puri ni Anant Velankar, inspekta msaidizi wa polisi wa Bombay, kijana aliyelelewa na baba mkali, askari naye, na ambaye angependa kuwa mtu mwema katika kazi isiyoruhusu wema. Katika mandhari moja yumo mkahawani na msichana ampendaye, mwalimu wa chuo aliyeigizwa na Smita Patil. Anapewa kitabu, anaanza kusoma shairi kwa sauti, kwa wepesi wa mtu anayemfurahisha mwenziwe. Shairi linatumia picha ya chakravyuha, mzingo wa kivita wa utenzi wa Mahabharata, ambao kijana Abhimanyu aliujua kuuingia asijue kuutoka. Kadiri mistari inavyokwenda, sauti ya msomaji inashuka. Hapunguzi kasi ili tuone kuwa ni shairi. Anaonekana kama mtu aliyefungua barua iliyokusudiwa mwengine akakuta jina lake ndani. Nimesikia waghani wengi, wa redioni na wa majukwaani, na ningependa kila mmoja wao aitazame mandhari hiyo. Inafundisha kuwa mghani mwema hulitanguliza neno, naye mwenyewe akalifuata nyuma.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba Jaane Bhi Do Yaaro nayo inaishia ndani ya Mahabharata. Maiti ileile inakimbizwa mpaka ukumbini ambako waigizaji wanaonyesha kisa cha Draupadi, malkia anayetaka kuvuliwa nguo mbele ya baraza. Maiti inavikwa vazi la malkia, wakubwa mafisadi wanapanda jukwaani kuigombania, naye Ahuja yumo miongoni mwao. Kwa hivyo katika mwaka mmoja mwigizaji mmoja aliupita utenzi mmoja kwa milango miwili. Katika mlango wa kwanza, mtu mnyoofu anazingirwa na wakubwa mpaka anaua. Katika wa pili, wakubwa wenyewe wanageuka vichekesho, lakini wanaotiwa hatiani mwishoni ni wale wapiga picha wawili maskini. Atakayesema kuwa filamu ya kwanza ni nzito na ya pili ni nyepesi, naamini hajaitazama ya pili mpaka mwisho.

Katika kazi yangu ya kutafsiri mashairi nimejifunza kuwa huzuni huvuka bahari kwa urahisi kuliko mzaha. Kilio cha aliyefiwa hueleweka popote. Mzaha hutaka kipimo: neno moja likizidi, unakuwa upuuzi, likipungua, hakuna anayecheka. Ndiyo maana siamini kuwa mchekeshaji anafanya kazi rahisi. Om Puri alikijua kipimo hicho, na kilimvusha hata nje ya lugha zake.

Ushahidi upo katika filamu mbili alizocheza Uingereza, zote mbili kuhusu baba wa Kipakistani na wanawe. Katika My Son the Fanatic, ya mwaka 1997, iliyoandikwa na Hanif Kureishi, yeye ni Parvez, dereva wa teksi anayependa muziki wa jazi, ambaye mwanawe anashika dini kwa ukali na kumhukumu baba yake. Katika East is East, ya mwaka 1999, iliyoandikwa na Ayub Khan-Din, yeye ni George Khan wa Salford mwaka 1971, mwenye duka la samaki na chipsi na mke wa Kiingereza, anayewalazimisha wanawe ndoa wasizozitaka. Parvez ni baba aliyelegea mbele ya mwana mkali. George ni baba mkali mbele ya wana waliolegea. Filamu ya kwanza ni ya majonzi na ina vicheko. Ya pili ni ya vicheko, na ndani yake mume anampiga mkewe.

Kipigo hicho ndicho kinachoipima sanaa ya mwigizaji. Kwa saa nzima tumemcheka George: Kiingereza chake kilichovunjika, ubahili wake, kiti cha kinyozi alichomletea mkewe kama zawadi, na ada yake ya kuomba chai nusu kikombe. Kisha mkono unanyanyuka, na mtu ni yuleyule. Om Puri hakumgeuza kuwa adui wa filamu. Anatufahamisha kuwa aliyetuchekesha kwa kutaka kutawala kila kitu ndiye anayepiga anapoona hatawali chochote, na kicheko chetu kinatugeukia wenyewe. Katika jamii zetu za mwambao wapo akina baba wa namna hiyo, ambao visa vyao husimuliwa barazani kwa vicheko, na wenye kujua gharama yake ni walio ndani ya nyumba.

Wapo wanaosema kuwa George Khan ni tusi kwa Waislamu wa ughaibuni, kwamba ameumbwa ili Waingereza wamcheke. Hofu hiyo siipuuzi. Filamu yenyewe ina kosa lake: baada ya kipigo inaharakia mno kurudi kwenye mzaha, na aliyepigwa hapewi muda wake. Lakini mwigizaji halingani na kosa hilo. Mwishoni George yumo dukani peke yake, mkewe anamuuliza kama atakunywa chai, naye anataka nusu kikombe kama siku zote. Mara hii hakuna wa kucheka. Om Puri anayatamka maneno yaleyale kama mtu anayeomba asamehewe na asiyejua maneno ya kuombea. Kwa kazi hiyo alipendekezwa kwa tuzo ya BAFTA ya mwigizaji bora.

Haki inataka niseme pia kuwa hakuchagua vyema kila mara. Alicheza filamu nyingi mno, na katika vichekesho kadhaa vya miaka ya 2000 alitakiwa apige makelele tu, naye akapiga. Kuna na filamu iliyomleta karibu na kwetu: The Ghost and the Darkness, ya mwaka 1996, kuhusu simba waliowala wajenzi wa reli ya Mombasa pale Tsavo mwaka 1898. Yeye ni Abdullah, msemaji wa vibarua wa Kihindi. Historia ya vibarua wale ingetosha filamu nzima, lakini mswada umempa hasira bila kumpa kisa, na steringi ni mhandisi wa Kizungu. Hapo tunaona kuwa hata sauti kubwa haiwezi kusema yasiyoandikwa.

Narudi kwenye ngazi yetu. Amri Athumani wa Tanga, tuliyemjua kwa jina la Mzee Majuto, alifariki mwaka 2018. Tulimcheka miaka mingi, na siku alipokufa tulimlilia kwa dhati. Lakini wangapi kati yetu tuandikao tumewahi kukaa tukapima namna alivyokuwa akisubiri kabla ya kujibu, au alivyoweza kuyafanya maneno ya kawaida yawe mzaha? Kazi hiyo bado ipo, na filamu zake zipo. Vivyo hivyo mizaha ya Muyaka inangoja wasomaji watakaoisoma kwa makini yaleyale wanayoyatoa kwa tungo za vita. Om Puri alipewa tuzo ya taifa lake kwa Ardh Satya, na aliistahiki. Kama ningekuwa mimi mtoaji, ningemwandikia na Ahuja katika cheti kilekile.