Kiungo cha Neno Ambatani katika Kinorwei

Wako wanaofundisha kwamba neno la Kinorwei hukatwa silabi kwa kanuni moja tu: konsonanti iliyo peke yake kati ya irabu mbili huandamana na irabu inayofuata. Kanuni hii yafaa kwa maneno yasiyo na kiungo. Kwa maneno ambatani yapotosha. "Havørn", yaani tai wa baharini, limeungwa kwa "hav", bahari, na "ørn", tai. Mwenye kulikata "ha-vørn" huvunja sehemu zote mbili, wala hapati maana upande wo wote. Mkato wake wa haki ni "hav-ørn".

Twaambiwa tena kwamba mkazo utatuonyesha kiungo. Hapa pana ukweli mwingi. Kwa kawaida mkazo mkuu huangukia sehemu ya kwanza, na sehemu ya pili hubakiwa na mkazo hafifu. "Lammelår" ni paja la mwana-kondoo; lakini "lamme lår", maneno mawili yenye mikazo miwili, ni mapaja yaliyopooza. Hata hivyo mkazo si shahidi asiyekosea: "nyttår", mwaka mpya, hukaziwa sehemu ya pili, ijapokuwa nalo ni neno ambatani.

Lawama yangu kubwa ni juu ya tahajia. Konsonanti tatu za namna moja zikikutana, Wanorwei huandika mbili: "topp", kilele, na "punkt", nukta, huwa "toppunkt". Mgeni hajui akate wapi. Lakini neno likikatwa mwishoni mwa mstari, ile p iliyofichwa hurudi: "topp-punkt". Basi kanuni ya mkato hukiri jambo ambalo tahajia hulificha, ya kwamba neno hugawanywa kwa maana, si kwa hesabu ya herufi.

Jambo hili latuhusu na sisi. Katika Kiswahili mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho: katika "mwanamaji" mkazo wa "mwana" hufifia, na "ma" ndiyo husikika. Ndiyo sababu msomaji wetu huelekea kukazia silabi ya kati ya "lammelår", asipopaswa. Nasi tubishanapo kama yafaa kuandika "gari moshi" au "garimoshi", tusiliulize jicho peke yake. Tuliulize sikio, na baada ya sikio tuiulize maana.