Muzimu wa Bweni na Yale Wakubwa Wanaficha

Katika kijitabu hiki tumezoea kuongea juu ya karisi, ngoma, mahari na desturi za baraza. Leo tunachukua kitabu cha picha, kile vijana wetu wanaita bede. Tunakichukua kwa sababu kinauliza swali ambalo babu zetu nao waliuliza: mutoto afanye nini wakati wakubwa wanamuficha ukweli juu ya ukoo wake?

Kitabu kinaitwa Gotham Academy. Kilianza kutoka Marekani mwaka 2014, kwa DC Comics, wale wa Batman. Walioandika ni Becky Cloonan na Brenden Fletcher, na mchoraji wa mwanzo ni Karl Kerschl. Mfululizo wa kwanza uko na namba 18. Wa pili uko na 12, ukamalizika 2017. Sisi tutaongea juu ya namba sita za kwanza, zile zimefungwa pamoja kuwa kitabu kimoja.

Hadithi iko hivi. Olive Silverlock anasoma katika shule ya bweni ya zamani sana, majengo ya mawe na minara. Kuna jengo moja, la upande wa kaskazini, ambalo limefungwa na wanafunzi wamekatazwa kuingia. Wanafunzi wanasema mule mnatembea muzimu wa Millie Jane Cobblepot, binti wa ukoo mkubwa wa mji ule, aliyekufa zamani. Olive amerudi kutoka likizo akiwa mutu mwingine: yaliyompata hayakumbuki vizuri, na hataki kuulizwa. Mama yake alifungwa Arkham, mahali pa wahalifu wenye wazimu, na Olive anamchukia Batman kwa jambo hilo. Shule inamkabidhi mwanafunzi mdogo, Mia Mizoguchi, anayeitwa Maps kwa kuwa anapenda kuchora ramani. Maps haogopi kitu. Hao wawili pamoja na wenzao wanaanza kupekua.

Mutu aliyelala internati katika milima ya Masisi au karibu na pori la Walikale atajiona humo. Kengele, msimamizi wa usiku na tochi yake, mlango usiofunguliwa, nyayo zinazosikika juu ya dari wakati mvua inanyesha: hayo yote tunayajua. Kerschl anachora giza bila kulifanya zito. Taa moja ndogo katika ukurasa mweusi inatosha kumfanya msomaji ageuze karasa haraka.

Wazazi wengine, na hata wahubiri wengine, wanasemaka vitabu kama hivi vinaingiza watoto katika uchawi. Sisi tunaona kinyume. Kwetu, wasichana wa bweni wakizimia au wakisikia sauti usiku, mara nyingi anatafutwa wa kushitaki, na anayeshitakiwa ni yule asiye na mutu wa kumtetea: yatima, au mgeni aliyefika na vita. Watoto wa kitabu hiki hawamshitaki mwenzao. Wanachukua taa, wanachora ramani, wanasoma daftari ya kale ya Millie Jane, wanaenda kuona kwa macho yao. Mwalimu yeyote angependa darasa lake lifanye vile mbele ya habari za uchawi.

Na kumbe nyuma ya ukuta kuna nini? Kuna mutu mwenye ngozi ya mamba, Killer Croc, mhalifu anayetafutwa na mji mzima. Lakini yeye ndiye aliyemjua mama yake Olive kule Arkham. Hapa ndipo kitabu kinapata nguvu yake. Mtoto alifuata muzimu wa ukoo wa watu wengine, akafika kwenye habari za mama yake mwenyewe. Aliyemletea habari hizo si mwalimu, wala mkuu wa shule, wala tajiri Bruce Wayne anayesaidia shule ile. Ni yule ambaye kila mtu anamuita mnyama.

Kitabu kina kasoro pia. Waalimu kadhaa wametolewa katika hadithi za zamani za Batman, na msomaji asiyezijua anabaki kama mgeni kwenye karamu ambapo wengine wanacheka peke yao. Kasoro kubwa zaidi ni kwamba wakubwa wanabaki salama. Watoto wanavunja ukuta, lakini hakuna mukubwa anayesimama mbele ya wote na kusema: hivi ndivyo tulivyofanya.

Tukitazama karisi ya Mwindo, ile Candi Rureke aliisimulia katika nchi ya Wanyanga, Walikale, mwaka 1956, na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakaichapisha mwaka 1969, tunaona tofauti. Shemwindo, mwami wa Tubondo, hataki mtoto mwanamume. Mwindo anazaliwa, baba anatafuta kumuua, mwishowe anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Baadaye baba ndiye anayekimbia kujificha chini ya ardhi. Mwindo anamfuata huko. Anayemsaidia njiani ni Kahindo, msichana mwenye buba ambaye Mwindo anamwosha vidonda. Kwa hiyo hata kwetu, ufunguo wa siri uko mkononi mwa yule anayekimbiwa na watu.

Lakini Mwindo haishii kwenye kujua. Anamrudisha baba yake Tubondo, watu wanakusanyika, na Shemwindo anasema makosa yake mbele ya wote. Halafu wanagawana utawala, kila mmoja upande wake. Karisi inataka siri itolewe barazani, isikike, halafu watu waendelee kuishi pamoja. Hapo wazee wetu wanawashinda waandishi wa Gotham.

Juu ya nini tunaandika haya sasa? Kwa sababu sisi nasi tuko na jengo letu la kaskazini. Mwezi wa Machi 1993 mauaji yalitokea Ntoto, Walikale, na moto ukaenea Masisi. Vita vingine vikafuata, mpaka vikafika Masisi-centre Januari 2025 na Walikale-centre Machi ya mwaka ule. Wanafunzi waliozaliwa nyuma ya 1993 wanauliza: nani alianza, nani alikufa, juu ya nini shamba letu liko na wengine? Nyumbani wanajibiwa, "Wewe bado mutoto." Darasani tunakimbilia historia ya Ufaransa na ya Leopold wa Pili. Basi jibu wanalitafuta kwa yule anayekaa karibu, na mara nyingi yule ni kijana mwenye bunduki, ambaye atawapa hadithi ya kabila moja tu, yenye wabaya upande mmoja. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Hatusemi mutoto wa miaka kumi aambiwe kila damu iliyomwagika. Tunasema kuna namna ya kuongea. Vijana wasome bede hii, na karisi ya Mwindo kando yake, katika juma moja. Kisha kila mmoja amuulize mzee mmoja wa kabila lake na mzee mmoja wa kabila jirani swali lilelile juu ya kijiji chao, aandike majibu mawili, na yasomwe darasani bila matusi. Majibu hayatafanana. Pale yanapotofautiana ndipo mlango ulipo, na ni afadhali vijana waufungue wakiwa na waalimu na wazee wao karibu, kuliko kuupiga teke peke yao usiku.