Mtaji Bila Dhamana: Kuikosoa Nadharia ya "Mwanamke Mchapakazi"

Umezuka miongoni mwa makada wetu mtindo wa kueleza maendeleo ya akina mama kwa sentensi moja: soko limefunguliwa, kilichobaki ni juhudi na mafunzo. Tunaiona nadharia hii kuwa na kasoro, na mtaa wa Jang'ombe, Ng'ambo ya mji wa Unguja, unatosha kuithibitisha kasoro hiyo.

Kwanza, nadharia hiyo inasahau historia. Biashara ya akina mama haikuzaliwa na soko huria. Wakati uagizaji wa bidhaa ulipokuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na mchele, unga na sukari vikipatikana kwa foleni, akina mama wa Ng'ambo walikuwa tayari wakiuza maandazi na vitumbua barazani na kushona kofia. Milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa mwaka 1984, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, kilichobadilika ni masharti ya kazi yao: bidhaa ziliongezeka, na washindani pia.

Pili, nadharia hiyo haiulizi nani aliingia sokoni na nini. Azimio la Zanzibar la 1991 liliwaruhusu viongozi kumiliki hisa na kupangisha nyumba, mambo ambayo Azimio la Arusha la 1967 liliyakataza. Mwenye nyumba akaingia na nyumba yake. Mama muuza maandazi akaingia na karai. Nchini Urusi na Poland, baada ya 1989, wanawake wengi waliopoteza ajira walibeba mizigo kuvuka mipaka wapate riziki. Kuwaita wote hao wajasiriamali ni kuficha kilichowasukuma.

Benki hutaka dhamana. Nyumba ipo, na mara nyingi mke amechangia matofali, lakini hati ina jina la mume. Tusisingizie dini: sheria ya Kiislamu inamtambua mwanamke kuwa mmiliki wa mali yake. Kasoro imo katika vyombo vyetu. Benki ya Wanawake Tanzania ilifunguliwa 2009, na mwaka 2018 ikaunganishwa na Benki ya TPB. Funzo ni kwamba jina la mwanamke juu ya mlango halitoshi.

Akina mama wamejijengea chombo chao, upatu. Tuseme wako kumi, kila mmoja anatoa shilingi 5,000 kwa wiki. Kila wiki mmoja anapokea 50,000, na kijumbe anashika orodha. Dhamana yao ni ujirani. Lakini tusiutukuze kupita kiasi: upatu huzungusha fedha za wanyonge wenyewe, na zamu huweza kuja baada ya haja kupita. Unanunua gunia la unga. Haujengi kiwanda cha mikate.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Tumekabidhi vyerehani mikutanoni, tukapigiwa makofi, wala hatukurudi kuuliza kitambaa kinapatikana wapi na kwa bei gani.

Kazi iliyo mbele yetu ni kuvibadili vyombo. Orodha ya kijumbe, iliyotunzwa miaka mitano bila mtu kukosa, ikubaliwe kuwa ushahidi wa uaminifu mbele ya mkopeshaji. Nyumba iliyojengwa na wawili iandikwe majina mawili. Kada atakayekwenda tawini kuhimiza juhudi, kwanza aulize hati ina jina la nani.