Kikapu Kisichosomeka

Mara ya kwanza kuona picha ya kikapu cha Shan Goshorn, nilifanya kosa la msomaji: niliikuza kwenye simu ili nisome maneno.

Kikapu hicho cha mwaka 2011, *Educational Genocide*, kimesukwa kwa karatasi iliyokatwa nyembamba badala ya mwanzi wa mtoni. Juu yake yamechapishwa majina ya watoto waliopelekwa Carlisle, shule ya bweni ya Pennsylvania iliyodumu kuanzia 1879 hadi 1918, pamoja na maneno ya mwanzilishi wake, Richard Henry Pratt, aliyetaka Uhindi uuawe ndani ya mtoto ili abaki mtu.

Sikuweza kusoma. Kila sentensi ilipokaribia kukamilika, ukanda mwingine ulipita juu yake.

Wengi humsifu Goshorn, Mcherokee wa Mashariki aliyefariki 2018, kwa ujumbe wake. Naona sifa hiyo inampunja. Ujumbe ungetosha kwenye bango. Hapa kinachofanya kazi ni msuko. Wacherokee wana msuko wa kuta mbili: msusi huanzia kitako cha ndani, hupandisha ukuta, hukunja ukingoni, kisha huteremka kwa nje hadi kitako cha pili. Ni vikapu viwili, kimoja ndani ya kingine, na kanda ni zilezile. Ili hotuba ya Pratt iingie humo, ilibidi kwanza ikatwe. Karatasi ya mwalimu imelazimika kufuata mkono wa bibi.

Lakini nina dai moja. Msuko huo nusura upotee, na mmoja wa waliouokoa ni Lottie Stamper, aliyeuchunguza kwenye picha ya kikapu cha kale kilichohifadhiwa British Museum. Kisha akawafundisha wasichana darasani, katika shule ya serikali huko Cherokee, North Carolina. Yaani taasisi za aina iliyowavunja watoto ndizo zilizokuja kulipa mshahara wa mwalimu wa ususi. Kikapu cha Goshorn kinawaonyesha wauaji na waliouawa. Mwanamke huyu aliyefanya kazi katikati yao simwoni.

Hata hivyo, bila vidole vya kina Stamper, Goshorn angekuwa na hotuba ya Pratt na mkasi tu.