Tuandike katika mitandao, tusisambaze tu

Wapo wenzangu vyuoni wanaodai kuwa mitandao ya kijamii inaua lugha zetu za mama. Dai hilo nalipinga.

Sisi wa rika langu, Kisii na Nyamira, tuliizungumza Ekegusii lakini barua tukaandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Leo, kwenye WhatsApp, jamaa zetu wanaiandika Ekegusii kila siku, wakiichanganya na Kiswahili. Kila anayeandika hivyo hulazimika kuyapima maneno yake.

Chukua neno 'baba'. Katika Kiswahili ni mzazi wa kiume. Katika Ekegusii ni mama. Mzazi wa kiume ni 'tata'. Kijana aliye Nairobi akisoma katika kundi la familia kuwa "baba amelazwa", sharti aulize ni mzazi yupi. Asipouliza, atampigia simu asiyeugua. Akiuliza, amejifunza lugha zote mbili na amemjali mzazi.

Lakini yule ambaye kazi yake ni kufowadi tu ya wengine, mtandao unamfaidi nini? Ndugu msomaji, kesho asubuhi usisambaze picha ya maua. Mwandikie mzazi wako mwenyewe: 'Bwakire buya'. Kisha subiri jibu.